Zimeni Taa, Mchezo Unaanza

Hotuba niliyoitoa katika jioni ya kusikiliza michezo ya zamani ya redio, Chumbageni, Tanga

Wazee wangu, shikamooni. Mama zangu, dada zangu, ndugu zangu, habari za jioni. Na nyinyi vijana mliokaa mkekani huku mbele, karibuni sana. Nimefurahi mno kuwaona, maana jambo la leo nisingependa tulizungumze wenye mvi peke yetu.

Tazameni hii meza. Juu yake kuna redio kaseti, kaseti moja ya dakika 60, vifuu viwili vya nazi, kipande cha bati na sinia la mchele mkavu. Nitavisemea vitu hivi kwa muda mfupi, kisha nitanyamaza tusikilize.

Nimezaliwa na kukulia Ngamiani. Baba alikuwa mfanyakazi wa bandarini, na redio yetu ilikuwa ya betri kubwa nne. Betri zilipochoka hazikutupwa. Asubuhi mama alizipanga juu ya bati la banda la kuku, akawa anazigeuza kama mtu anayeanika dagaa, na jioni zikarudi redioni. Jua lilizipa uhai kidogo, kiasi cha mchezo mmoja na taarifa ya habari. Kwa hiyo siku ya mchezo hakuna aliyeruhusiwa kufungulia redio mchana. Salamu zipite, mpira upite, hata Atomic Jazz, bendi yetu ya hapa Tanga, wakipigwa, wapite. Nguvu ile inawekewa mchezo.

Baada ya sala ya Isha mkeka unatandikwa uani. Utambi wa taa ya chemli unashushwa, maana mafuta nayo si ya kuchezea. Baba anaegemea ukuta. Sisi watoto tunalala kifudifudi, videvu mikononi, macho kwenye kile kimwanga cha redio. Na mama anasuka ukili.

Huo ukili nataka tukae nao kidogo. Mama alikuwa hodari wa mikeka, na aliyezoea kusuka hatazami vidole. Anachukua miyaa, anaingiza, anakunja, anavuta, masikio yako kwingine kabisa. Mkeka alioushona kwa ukili wa mwaka ule ninao mpaka leo, ndio huu waliokalia vijana. Pitisheni viganja vyenu taratibu kutoka upindoni kuja katikati. Mmesikia? Kuna mahali ukili umekaza, umeshikana kama kamba ya ngalawa, halafu unalegea tena. Nilipokuwa mtu mzima nilimwuliza mama mbona mkeka huu haukulingana na mingine. Akapapasa pale palipokaza, akasema, "Hapa yule mtoto alikuwa anazama."

Hakukuwa na mtoto. Kulikuwa na watu wachache ndani ya studio Dar es Salaam, pengine na beseni la maji. Lakini mwanamke aliyekaa uani Ngamiani alimsikia mtoto anazama, na vidole vyake vikakaza. Nimesoma vitabu kadhaa juu ya sanaa hii, na sijaona ushahidi unaoushinda mkeka huu.

Sasa, tarehe 15 Januari 1924, BBC ya London ilirusha mchezo wa Richard Hughes uitwao A Comedy of Danger. Ni miongoni mwa michezo ya kwanza duniani kuandikwa mahususi kwa redio. Hughes alijiuliza swali la fundi: msikilizaji haoni kitu, sasa nimweke wapi asione kwamba amenyimwa macho? Akawatia watu wake ndani ya mgodi wa makaa ya mawe huko Wales, kisha akazima taa. Mgodini giza totoro, maji yanaanza kuingia, watu wanaitana kwa sauti tu. Na wasikilizaji majumbani wakashauriwa nao wazime taa zao. Wote, waliomo mgodini na waliomo sebuleni, wakawa kizani pamoja.

Bibi yangu asingeshangaa hata kidogo. Mchana alikuwa hatoi ngano. Ukimwomba anakufukuza: nenda kachote maji. Lakini giza likishaingia, moto umebaki makaa, hapo ndipo utasikia: "Paukwa!" Nasi wote: "Pakawa!" Na mnajua kile kiitikio si cha urembo. Mwenye hadithi anapima kama mpo, mko macho, mmekubali kusafiri naye. Redio haiwezi kusubiri jibu lako, lakini mchezo mzuri wa redio unakuita vilevile, na usipoitika moyoni haufiki popote. Kwenye sinema sura ya mtu umeletewa. Kwenye redio sura unaichora wewe, kwa rangi ulizonazo. Mimi na kaka yangu tulibishana wiki nzima juu ya mzee mmoja wa mchezoni kama ana ndevu au hana. Mchezoni hazikutajwa kabisa.

Wenzetu wa Marekani walilima shamba hili kuliko wote. Kuanzia miaka ya 1930 hadi televisheni ilipoenea miaka ya 1950, jioni za familia zilikuwa za redio. Kipindi cha Suspense, cha kutisha na kusisimua, kilidumu miaka 20, kutoka 1942 hadi tarehe 30 Septemba 1962. Gunsmoke, ya mambo ya magharibi mwa nchi yao, ilianza redioni 1952 kabla hata haijahamia kwenye televisheni. Kwa miaka mingi michezo hii ilichezwa moja kwa moja. Mchezaji akikohoa, kikohozi kimekwenda hewani. Na kwa kuwa saa za New York na za California zimepishana kwa saa tatu, mara nyingi kundi lilicheza jioni kwa ajili ya mashariki, likapumzika, kisha likaucheza mchezo uleule upya kwa ajili ya magharibi. Hebu fikirieni, kulia kilio kilekile mara mbili usiku mmoja, na cha pili kiwe cha kweli kama cha kwanza.

Katika Suspense kuna mchezo wa mwaka 1943 ulioandikwa na Lucille Fletcher, uitwao Sorry, Wrong Number. Mwanamke mgonjwa yuko kitandani, peke yake nyumbani. Anapiga simu kumtafuta mumewe, laini zinaingiliana, akawasikia wanaume wawili wanapanga kumuua mwanamke fulani usiku huohuo. Anawapigia wahudumu wa simu, anapiga polisi, hakuna anayemjali. Sehemu hiyo aliicheza Agnes Moorehead, na karibu mchezo mzima umebebwa na koo lake. Anaanza kwa kero ya mtu aliyezoea kudekezwa, inageuka wasiwasi, inageuka hofu, na kila hatua unaisikia kwenye pumzi kabla haijafika kwenye maneno. Mwisho wake siwaambii. Juma lijalo tutausikiliza hapahapa, na kwa wasiofuata Kiingereza nitasimulia kwanza, maana nimefundisha lugha hiyo maisha yangu yote na sioni sababu ya mtu kukosa uhondo kwa ajili yake.

Nije kwenye vifuu. Naomba mfumbe macho.

(Hapa nilivigonga vifuu mezani, polepole, kisha kwa kasi.)

Umesikia nini, mjukuu wangu? Farasi! Ehe. Na Tanga hii farasi umemwona wapi? Hivi vifuu, ambavyo sisi tunavitupa jikoni au tunachongea kata na upawa, ndivyo mafundi wa sauti wa London na New York walivyotumia kwa miaka mingi kutengenezea kwato za farasi. Anagonga juu ya mchanga, farasi yuko njiani. Anagonga juu ya ubao, farasi anavuka daraja. Bati hili ukilishika ncha ukalitikisa, hiyo ngurumo. Mchele ukiumwaga polepole kwenye sinia, mvua inanyesha. Moto walikuwa wakiufinyanga kwa karatasi ya nailoni ile nyembamba inayong'aa: unaikunja karibu kabisa na maikrofoni, inaalika kama kuni mbichi. Na theluji, ambayo wengi wetu hatujaikanyaga, ni wanga ndani ya mfuko unaominywa kwa mkono.

Napenda sana kazi hii ya mikono. Fundi wa sauti hakuwa anaigiza tu. Alikuwa anajua sikio la mwanadamu linadai nini. Maana farasi wa kweli ukimleta studio anasikika kama mtu anayepiga magoti kwenye zulia.

Lakini sauti kubwa kuliko zote haina chombo. Jumapili ya tarehe 30 Oktoba 1938, kijana wa miaka 23, Orson Welles, alirusha kutoka New York mchezo uliotokana na kitabu cha H. G. Wells kuhusu viumbe wa sayari ya Mars wanaoivamia dunia. Aliupanga kama matangazo ya kawaida: muziki wa dansi unapigwa, mara unakatizwa na habari za dharura kutoka New Jersey. Yupo mwandishi wa habari shambani, anaeleza anachokiona. Mchezaji wake, Frank Readick, alijifunza kwa kusikiliza rekodi ya mtangazaji aliyelia alipoishuhudia Hindenburg, ile meli ya angani ya Wajerumani, ikiteketea mwaka mmoja nyuma. Basi anaeleza, sauti inapanda, watu wanapiga kelele, moto unakuja upande wake, na katikati ya sentensi anakatika.

Kisha kimya. Sekunde chache tu, hakuna muziki wala mtangazaji.

Wazee wetu walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, na sijui pahala methali hiyo ilipotimia kuliko pale. Welles alijua msikilizaji hawezi kuvumilia redio isiyosema kitu. Mkono unakwenda kwenye kitufe, moyo unauliza, wamekufa? Magazeti ya siku zilizofuata yaliandika kana kwamba nchi nzima ilikimbia barabarani. Watafiti wa baadaye wameonyesha kuwa hofu hiyo ilikuzwa mno, kwani wengi saa ile walikuwa wanasikiliza stesheni nyingine. Kwangu hilo halipunguzi kitu. Ukiusikiliza leo, unajua fika ni mchezo, umejua hata jina la mchezaji, kile kimya bado kinakushika.

Sasa turudi nyumbani. Sauti ya Dar es Salaam ilianza 1951, na kuanzia 1965 ndipo tukawa na Radio Tanzania Dar es Salaam, RTD yetu. Wazee mnaotabasamu hapo nyuma najua mmekwisha kumkumbuka Bi Deborah Mwenda na Mama na Mwana. Ile ilikuwa hadithi ya watoto, lakini nyumbani kwetu baba ndiye aliyekuwa wa kwanza kukaa. Bibi yule alikuwa na sauti isiyokimbia. Akifika penye jambo zito anapunguza mwendo, na wewe unapunguza pumzi. Na Pwagu na Pwaguzi! Wajanja wawili waliobeba jina la methali, mmoja akimpiga mwenzake chenga na mwenzake akiwa keshampiga yeye. Kesho yake shuleni tulikuwa tunagawana, wewe Pwagu, mimi Pwaguzi, mpaka kengele inapigwa.

Baadaye, mwaka 1993, ikaja Twende na Wakati, mara mbili kwa wiki. Mtamkumbuka Mkwaju, dereva wa lori mwenye wanawake kila kituo, na mkewe Tunu aliyebaki kuhangaika na watoto. Lengo lake lilikuwa uzazi wa mpango na UKIMWI, na kwa miaka miwili ya mwanzo eneo la Dodoma liliachwa bila kipindi hicho ili watafiti wapate kulinganisha. Lakini mtaani kwetu hakuna aliyekaa asikilize mafunzo. Tulikaa kumlaani Mkwaju. Kina mama waligombana na redio, wakamshauri Tunu kwa sauti, wakamwonea huruma. Mafunzo yaliingia kwa mlango wa uani, hatuna habari.

Ndugu zangu, hapa ndipo panaponiuma. Tanga ni mji wa sauti. Jamhuri Jazz, Atomic Jazz, Black Star, Lucky Star: nyimbo zao ziliingia kwenye santuri, santuri zikauzwa, zikawekwa kabatini, na leo kijana wa miaka 20 anaweza kuzisikia simuni. Muziki una wenyewe. Mchezo wa redio haukuwa na mwenyewe. Ulirushwa, ukasikilizwa, ukaenda na upepo. Utepe wa kurekodia ulikuwa ghali, na mara nyingi ulipomaliza kazi moja ulifutwa ukapewa kazi nyingine. Si kwetu tu, hata Uingereza na Marekani vimepotea vingi. Wamarekani walibahatika kwa sababu moja ya kiufundi: vipindi vyao vilikatwa kwenye santuri kubwa za inchi 16, robo saa kila upande, ili stesheni zitunze nakala, na baadaye jeshi likawa linapeleka nakala kwa askari walioko mbali. Wakati wa vita, aluminiamu ilipoadimika, walizikata juu ya vioo. Fikirieni sauti ya mtu imekaa juu ya kioo, inapita mikononi mwa watu miaka 80, na haijapasuka.

Nyumbani kwetu zilikuwepo kaseti tatu za michezo. Kaka yangu mkubwa alikuwa akirekodi kwa kuiweka redio kaseti ya kuazima mbele ya redio yetu, mdomo kwa mdomo. Mbili zilifutwa kurekodia ngoma ya harusi. Nimebaki na hii moja. Utepe wake ulitoka nje mara mbili nikaurudisha kwa kalamu ya Bic, nikizungusha taratibu kama nafunga bandeji ya mtoto.

Kwa hiyo ombi langu ni dogo, na ni la kweli. Rudini nyumbani mkaangalie. Chini ya kitanda cha bibi, ndani ya kasha, kwenye lile boksi la viatu ambalo hakuna anayelifungua. Ukikuta kaseti, usiichezeshe kwanza, hasa kama imekaa penye unyevu. Kaskazi ya pwani yetu ina chumvi, na utepe uliogandana ukilazimishwa hukatika. Ilete. Yuko kijana hapa anayejua kuzihamishia kwenye kompyuta, hatozi kitu. Hata kama juu imeandikwa "kaswida" au "harusi", ilete. Chini ya harusi mwishoni huwa zimebaki dakika tano za kitu kingine.

Na kuhusu kusikiliza kwenyewe, neno moja kwa vijana. Mchezo wa redio unataka masikio, ila mikono unaiacha huru, na mikono ikiwa na kazi masikio yanatulia zaidi. Chambua mchele, menya karanga, piga pasi, suka nywele za mdogo wako. Simu pekee ndiyo haiwezekani, kwa sababu simu inadai macho, na macho yakishaondoka yanakwenda na picha uliyokuwa unaichora. Taa iwe ndogo. Kahawa iwepo, na kashata kama mfuko unaruhusu. Msikilize wawili au watatu, kwa sababu utamu wa pili wa mchezo ni kubishana baada yake.

Tutakachosikiliza sasa ni hii kaseti yangu. Sauti yake inakoroma, na mwanzo wa mchezo haupo kwa kuwa kaka alichelewa kubonyeza. Jina la mchezo silijui. Mtasikia mvuvi na mkewe, na mtoto anayetumwa. Mtasikia pia vitu ambavyo si vya mchezoni. Kuna mtu anakohoa, ni baba. Kuna mwanamke anasema "nyamazeni nyie", ni mama. Na karibu na katikati kuna vikombe vinalia, kling, kling, kling. Mpwa wangu nilipomchezeshea alisema fundi wa sauti alikuwa hodari sana, maana pale mvuvi anapita sokoni vikombe vinakuja sawasawa. Nikamwambia fundi huyo alikuwa muuza kahawa wa barabara yetu, anapita na birika lake, hana habari kwamba ameingia mchezoni.

Upande mmoja wa kaseti ni dakika 30. Inakata ghafla, mtoto yumo majini, baba yake anaita. Usiku ule nilikuwa mdogo na nilikwisha lala. Kaka hakukumbuka. Mama aliposhika mkeka akaniambia hapa mtoto alikuwa anazama, sikumwuliza kama alitolewa, nikidhani nitamwuliza siku nyingine. Mama alifariki mwaka uliofuata.

Basi wazee wangu, kama kati yenu yupo aliyeusikia mchezo huu kwa redio yake mwenyewe, usiku ule au wa marudio, akawa anaujua mwisho, namwomba taa ikiwashwa asiondoke. Nimeweka kaseti tupu kwa ajili yake.

Mwanangu uliyekaa karibu na mlango, zima taa.